Jinsi ya Kutambua Silaha za Kweli katika Filamu za Kale za Madubwana ya Japani

Katika filamu za kale za madubwana ya Japani, silaha za kweli za jeshi na mifano midogo iliyotengenezwa studio zilitumika pamoja, mara nyingi ndani ya tukio lilelile. Mtazamaji anayetaka kuzitofautisha hana budi kuchunguza kila picha peke yake.

Anza kwa kuangalia kama silaha na dubwana vinaonekana ndani ya picha moja. Katika Godzilla ya mwaka 1954, iliyoongozwa na Ishirō Honda, dubwana lilikuwa mtu aliyevaa vazi zito, na fundi wa madoido, Eiji Tsuburaya, alijenga mji kwa kipimo cha 1 kwa 25, hivyo kiumbe anayesemwa kuwa na urefu wa mita 50 aliwakilishwa na vazi la takriban mita 2. Kwa hiyo kifaru kinachopondwa miguuni pake hakiwezi kuwa cha jeshi. Lakini malori yaliyojaa askari yanapopita barabarani, huku watu halisi wakionekana wakitembea kando yake, hapo unatazama jeshi lenyewe likiwa safarini.

Kisha linganisha tarehe, kwa maana historia hufichua mengi. Majeshi ya Kujilinda ya Japani yaliundwa tarehe 1 Julai 1954, na filamu hiyo ilionyeshwa tarehe 3 Novemba mwaka huohuo. Vifaru vya M24 Chaffee vinavyoonekana humo vilitengenezwa Marekani, na Japani ilikuwa navyo kweli. Ndege za F-86 Sabre, kwa upande mwingine, zilikuwa bado hazijakabidhiwa jeshi la anga la Japani, na zile zinazomshambulia Godzilla ni mifano iliyoning'inizwa kwa waya. Ukisimamisha picha, nyakati nyingine waya wenyewe huonekana.

Kipimo kigumu kuliko vyote kudanganya ni maji, moto na moshi. Mafundi waliweza kupunguza ukubwa wa meli au mzinga, lakini tone la maji na ulimi wa moto havipunguziki. Ndiyo maana Tsuburaya, ambaye alikwisha kujifunza kazi hii katika filamu za vita vya baharini mwanzoni mwa miaka ya 1940, alipiga picha kwa kasi kubwa ili zikionyeshwa kwa kasi ya kawaida mlipuko uonekane mzito na wa polepole. Tazama matone: yakiwa makubwa mno yakilinganishwa na meli, meli hiyo ni mfano mdogo ulio kwenye tangi la maji la studio. Mimi naona ustadi huu unastahili heshima kuliko picha yoyote ya mazoezi ya kijeshi, kwa kuwa hapa uzito wa chuma ulitengenezwa kwa hesabu na subira.

Silaha za kubuni hazihitaji uchunguzi mrefu. Mitambo ya Markalite ya mwaka 1957, yenye sahani kubwa za kurusha miale, na mizinga ya maser, yaani ya kurusha miale badala ya risasi, iliyoonekana mwaka 1966, haikuwahi kuwa katika ghala la jeshi lolote, na miale yake ilichorwa juu ya filamu baada ya picha kupigwa. Ugumu huja pale mzinga wa kubuni unapowekwa katikati ya msafara wa malori ya kweli. Hapo rudi kwenye jambo la kwanza, uangalie kama picha imekatwa kati ya malori na mzinga.