Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kupelekwa Vitani Majira ya Baridi

Nawaandikia vijana wetu wa Afrika Mashariki walioapishwa katika jeshi la nchi kavu au la majini la Marekani, na ambao wameshaambiwa kwamba miezi ya Desemba hadi Machi itawakuta vitani mahali penye theluji. Mimi nilipelekwa Afghanistan nikiwa na mwaka mmoja tu jeshini, nikakaa majira mazima ya baridi katika kambi ndogo ya milimani upande wa mashariki, na madhara niliyorudi nayo yangezuiliwa na soksi zilizokuwa mgongoni mwangu usiku kucha. Soma hadi mwisho, kisha ufungashe.

Anza na karatasi, maana ukishafika huko hutapata nafasi ya kuzishughulikia. Bima ya maisha ya wanajeshi, ambayo tangu Machi 2023 inafika dola 500,000, hulipwa kwa yule uliyemwandika, hata kama ukoo mzima unaona kuna mwingine anayestahili zaidi. Kwa hiyo kama ni mama, andika jina lake kama lilivyo kwenye kitambulisho chake, herufi kwa herufi, wala usiandike jina analoitwa kanisani au mtaani. Ikiwa ulichukua mkopo kabla ya kuingia katika utumishi, sheria inakupa haki ya kupunguziwa riba isizidi asilimia 6, lakini ni lazima uombe wewe mwenyewe kwa maandishi na uambatanishe amri ya jeshi. Mwachie mtu mmoja unayemwamini hati ya uwakilishi wa kisheria, yenye mipaka na tarehe ya mwisho. Waeleze pia wazazi kwamba ukimya wako wa siku kadhaa si habari ya msiba wako, kwa sababu askari anapouawa, mawasiliano ya kambi hukatwa kwa makusudi mpaka jamaa zake wapewe taarifa.

Kuhusu mavazi, utapewa nguo za tabaka nyingi, na kosa la mgeni ni kuzivaa zote kwa pamoja. Ziwe safi, zisikubane, ziwe kavu, na usiuache mwili utokwe jasho. Unapoanza kupanda mlima unapaswa kuhisi ubaridi kidogo. Ukiwa umestarehe wakati huo, umevaa kupita kiasi. Fulana za pamba ziache nyumbani, kwa kuwa zikilowa hazikauki. Beba glavu za ziada.

Miguu nitaieleza kwa kirefu. Jeshi la Marekani limejifunza jambo hili na kulisahau zaidi ya mara moja. Mei 1943 Divisheni ya 7, iliyokuwa imefanya mazoezi katika jangwa la California, ilishushwa katika kisiwa cha Attu huko Alaska ikiwa na buti za ngozi zilizonyonya maji ya matope, na walioumizwa na baridi walifika takriban 1,200, idadi inayokaribiana na ya waliojeruhiwa na silaha za Wajapani. Mwaka uliofuata Jenerali Omar Bradley, mmoja wa makamanda wa Marekani huko Ulaya, akiharakisha kuelekea mto Rhine wa Ujerumani, alitanguliza petroli na risasi akaziweka nyuma nguo za baridi, jambo ambalo yeye mwenyewe alikuja kulikiri. Wajerumani waliposhambulia Ardennes, eneo la misitu huko Ubelgiji na Luxembourg, tarehe 16 Desemba 1944, askari wengi walikuwa mahandakini na miguu iliyolowa kwa siku nyingi, na kabla ya majira yale kwisha zaidi ya 40,000 walikuwa wamelazwa hospitalini Ulaya kwa madhara ya baridi, wengi wao kwa ugonjwa wa miguu ya mahandakini, ambao humpata mtu hata pale ambapo maji hayajaganda. Kisha Korea, mwishoni mwa Novemba 1950, katika eneo la Chosin ambako usiku ulifika nyuzi 30 chini ya sifuri, askari walikuwa na buti za mpira chini na ngozi juu. Buti hizo zilizuia maji yasiingie, lakini zilizuia pia jasho lisitoke. Mtu akitembea, soksi zinalowa. Akisimama kushika lindo, jasho lile lile linageuka barafu.

Hilo la mwisho ndilo lililonipata. Nimezaliwa Makete, ambako mwezi wa Julai sakitu hufunika majani asubuhi, nikadhani baridi naijua. Usiku mmoja tulipanda kwa saa tano kwenda kituo cha juu cha ulinzi, na nilipofika soksi zangu zilikuwa zimelowa jasho kama zilizotoka kwenye beseni. Nikapangiwa lindo la kwanza. Sajenti alipita akimwuliza kila mmoja hali ya miguu yake, nami nikamjibu kwamba iko salama, ilhali vidole vya mguu wa kushoto nilikuwa sivihisi. Nilikuwa Mwafrika peke yangu katika platuni ile, na wiki iliyotangulia mwenzangu mmoja alikuwa amesema mbele ya wote kwamba watu wa nchi za jua hawawezi kazi hii. Nikaona heri kunyamaza kuliko kumpa ushahidi. Baada ya muda maumivu yalikoma, nikamshukuru Mungu. Ndugu yangu, maumivu ya baridi yakikoma bila wewe kuingia mahali penye joto, hujapona. Hapo ndipo nyama inaganda.

Alfajiri, kijana mmoja wa Minnesota niliyeshika naye lindo aliona ninavyokanyaga, akanilazimisha nivue buti. Soksi ilikuwa imeshikana na soli ya ndani, ikabanduka kwa mlio wa karatasi inayochanwa. Vidole viwili vilikuwa na rangi ya majivu na ugumu wa mshumaa. Alivigonga kwa ukucha, nikasikia mlio wake lakini sikuhisi chochote. Alifungua koti na shati lake, akaiweka miguu yangu juu ya tumbo lake, ngozi kwa ngozi, akakaa hivyo akitetemeka mpaka helikopta ilipokuja. Nilipoteza ncha ya kidole kidogo, na mpaka leo mvua ikinikuta mguu ule huwaka. Jozi tatu za soksi kavu zilikuwa ndani ya begi langu, zimefungwa vizuri kwenye nailoni.

Kwa hiyo fanya hivi. Mkisimama tu, kabla ya kula na kabla ya kulala, badilisha soksi, mguu mmoja kwa wakati, ili adui akitokea usiwe peku miguu yote miwili. Zilizolowa ziweke chini ya shati, tumboni, zikauke kwa joto lako. Ukiulizwa, sema kweli. Takwimu za jeshi lenyewe zimeonyesha kwa miaka mingi kwamba askari weusi huumizwa zaidi na kuganda kwa baridi kuliko weupe waliokaa katika hali ile ile, hivyo kusema mapema si udhaifu. Zaidi ya hayo, dalili wanazofundishwa wengi ni za ngozi nyeupe. Ngozi yetu hugeuka kijivu au hupoteza mng'ao, nayo gizani haionekani. Mwambie mwenzako asikuangalie tu, akushike. Sehemu iliyoganda usiisugue, usiipake theluji, usiikaribishe motoni, na kama kuna uwezekano wa kuganda tena kabla ya kufika kwa daktari, usiiyeyushe hata kidogo.

Wanamaji wasidhani haya ni ya wengine. Mawimbi yanayorukia sitaha huganda juu ya meli, na barafu hiyo isipovunjwa mapema huongeza uzito wa juu hata meli ikaweza kupinduka. Mtakaoamka usiku kuivunja kwa nyundo ni ninyi, na chuma hakishikwi kwa mkono mtupu. Tena matabibu wanaofuatana nchi kavu na kikosi cha marini, yaani askari wa Marekani wanaoshambulia kutoka baharini, ni wanamaji, na wale wa Chosin walibeba vichupa vya mofini, dawa ya maumivu makali, mdomoni ili visigande, huku plazima, yaani majimaji ya damu ya kuwaongezea majeruhi, ikiganda isifae kitu. Ukiwa tabibu, dawa zako zilale karibu na mwili wako.

Kunywa maji hata kama huna kiu, kwa sababu baridi huificha kiu, wala usile theluji. Mafuta ya gari yakikumwagikia mkononi katika baridi kali huigandisha ngozi papo hapo, kwa hiyo vaa glavu zake. Grisi nyingi kwenye bunduki huganda, pakaa kidogo. Pombe hukudanganya kwamba una joto. Jiko au hita isiachwe ikiwaka ndani ya hema lililofungwa pasipo mtu wa kulinda, na usilale ndani ya gari linalonguruma, kwani gesi yake ya sumu haina harufu. Na chupa ya maji igeuze kichwa chini, kwa kuwa maji huanza kugandia juu, na mfuniko ukishashikwa na barafu hutaufungua kwa vidole vilivyokufa ganzi.