Kumbukumbu kwanza, simu baadaye: kuchukua maelezo ya shahidi zama za WhatsApp na akili mnemba

Shahidi wa siku hizi huja ofisini na vitu viwili: anachokumbuka na simu yake. Mawakili wengi huanza na simu, maana ina tarehe, saa na picha. Hapo ndipo kazi inapoharibika. Ukishamsomesha ujumbe wa tarehe 14, kuanzia hapo atakueleza ujumbe, si tukio. Siku ya dodoso, yaani maswali ya wakili wa upande wa pili mahakamani, atakutana na swali moja fupi: "Hayo uliyaona, au uliyasoma?"

Kwa hiyo mpangilio ni huu: kwanza yatoke ya kichwani, kisha simu ihifadhiwe, kisha viwili hivyo vilinganishwe. Ukigeuza mpangilio huo, hakuna namna ya kurudi nyuma.

Kabla ya swali la kwanza

Tenga saa moja na nusu hadi mbili kwa shahidi mmoja wa tukio. Mashahidi wawili wa tukio moja wasikae pamoja chumbani, hata wakiwa mke na mume, na wasisubiri kwenye benchi moja wakipiga soga kuhusu kesi. Simu iwekwe kando.

Uliza mapema tukio hili amelizungumza na nani, na ameona nini kulihusu. Kundi la WhatsApp la ukoo, video iliyosambaa, maelezo aliyotoa polisi: yote yaandike pamoja na tarehe. Usimlaumu kwa hayo. Unachotaka kujua ni kipi kilichoingia baadaye, ili usije ukajenga hoja juu ya jambo alilolisikia kwa shemeji.

Kuuliza bila kumtia maneno mdomoni

Mwaka 1974 Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha wanafunzi nchini Marekani filamu fupi za ajali za magari, kisha wakawauliza magari yalikuwa na mwendo gani. Walioulizwa kwa kitenzi cha kawaida cha kugongana walikadiria wastani wa maili 34 kwa saa. Walioulizwa kwa kitenzi kikali cha kupondana walifika karibu maili 41. Katika jaribio la pili, wiki moja baada ya kutazama, waliulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Havikuwepo. Hata hivyo 16 kati ya 50 wa kundi la kitenzi kikali walisema waliviona, na 7 tu kati ya 50 wa kundi la kitenzi cha kawaida.

Maana yake kwa ofisi yako ni kwamba katazo la maswali ya kuongoza, yale yanayomdokeza shahidi jibu, halipaswi kungoja siku ya kizimbani. Swali bovu la mezani kwako halimwongozi tu shahidi kujibu. Linaweza kubadilisha anachokikumbuka, naye akakitetea kwa kiapo akiwa mkweli kabisa.

Mbinu inayofaa zaidi ni ile iliyobuniwa na Ronald Fisher na Edward Geiselman katika miaka ya 1980. Mrudishe kwanza kwenye mazingira: "Mama, kabla hujaniambia lolote, jikumbushe ulikuwa umekaa wapi. Kulikuwa na sauti gani, harufu gani, ulikuwa unafanya nini?" Mpe nusu dakika ya kimya. Kisha mwambie aeleze yote tangu mwanzo, hata anayoyaona madogo, na usimkatize. Akinyamaza, hesabu moja hadi tano kimoyomoyo kabla ya kufungua mdomo. Mambo mengi hutoka katika sekunde hizo. Akimaliza, mwombe arudie kuanzia mwisho kwenda mwanzo, na achore ramani ndogo ya mahali. Mbinu hiyo ina sehemu ya nne, ya kueleza kama vile mtu mwingine angeliona tukio. Hiyo iache. Mahakamani inazaa makisio tu.

Maswali ya kujaza mapengo yafuate baadaye, yakianzia na yaliyo wazi. Badala ya "Kulikuwa na mwanga wa kutosha?" sema "Nieleze mwanga ulivyokuwa." La kwanza litakupa "ndiyo", na "ndiyo" haina thamani. La pili litakupa taa, ilivyoning'inia, na ulipofika mwanga wake.

Kesi ikihusu utambuzi wa mtu, orodha ya kujaza iko tayari katika sheria. Waziri Amani dhidi ya Jamhuri, [1980] TLR 250 (TLR ni Tanzania Law Reports, mkusanyo wa hukumu), inataka ujue shahidi alimwona mtu huyo kwa muda gani, kutoka umbali gani, katika mwanga gani, na kama alimfahamu kabla. Kenya, Roria dhidi ya Jamhuri ya 1967 imebeba tahadhari hiyohiyo kuhusu shahidi mmoja wa utambuzi. Umbali usiuache kwenye "karibu": mpeleke dirishani, akuonyeshe kitu kilicho umbali ule, kisha pima kwa hatua au futi kamba. Uliza pia jina la mtuhumiwa alilitaja kwa nani kwanza na saa ngapi, maana tangu Marwa Wangiti Mwita dhidi ya Jamhuri, [2002] TLR 39, kumtaja mapema kuna uzito mkubwa.

Swali la uhakika liulizwe mara moja, mwanzoni, na jibu liandikwe kwa maneno yake: "nadhani ni yeye" ibaki "nadhani ni yeye". Gary Wells na Amy Bradfield walionyesha mwaka 1998 kwamba shahidi akiambiwa tu kuwa amemtambua aliye sahihi, uhakika wake hupanda, na hata kumbukumbu yake ya jinsi alivyoona vizuri hupanda pamoja nao. Basi ukimpongeza kwa "safi sana" umeshachafua ushahidi wako mwenyewe. Itikia kwa "sawa, endelea" kwa kila jibu, zuri na baya.

Sasa simu

Zuia upotevu kwanza. Fungua mazungumzo husika uone kama ujumbe wa kutoweka umewashwa. WhatsApp huweza kuufuta baada ya saa 24, siku 7 au siku 90, kwa hiyo uzime papo hapo, na ujumbe uliokwisha kutumwa unakili haraka, maana huo bado utatoweka. Shahidi asifute chochote, asibadilishe simu wala laini kabla hujamaliza.

Skrinishoti peke yake ni dhaifu: inakatika, haionyeshi yaliyotangulia, na kuighushi ni rahisi. Fanya hivi: fungua wasifu wa mtumaji na piga picha namba yake, si jina tu, kwa kuwa jina "Boss Juma" liliandikwa na mwenye simu mwenyewe. Kisha hamisha mazungumzo yote kwa kipengele cha kuhamisha gumzo. Ukichagua kujumuisha picha na sauti, utapata ujumbe usiozidi 10,000 wa karibuni. Bila hivyo ni 40,000. Faili linalotoka ni maandishi ya kawaida ambayo yeyote anaweza kuyahariri, na ndiyo sababu simu yenyewe ibaki kuwa chanzo. Picha muhimu asikutumie kama picha ya WhatsApp, kwani hubanwa na kupoteza taarifa za ndani za saa na mahali. Atume kama hati, au uinakili kwa waya.

Faili likishafika kwenye kompyuta, chukua heshi yake, yaani alama ya utambulisho inayokokotolewa na kompyuta kutokana na faili lenyewe, kabla hujalifungua kulifanyia lolote. Kwenye Windows andika certutil -hashfile, jina la faili, kisha SHA256. Utapata herufi na tarakimu 64. Ziandike kwenye daftari pamoja na tarehe, saa, aina ya simu na jina la aliyenakili. Faili likibadilika hata nukta moja, alama hizo hubadilika.

Daftari hilo ndilo litakaloandika hati yako. Kenya utahitaji cheti cha kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, kinachotambulisha rekodi, kueleza ilivyotolewa na kutaja kifaa, kikiwa na sahihi ya mtu mwenye dhamana ya kifaa hicho. Tanzania, kifungu cha 18 cha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 kinaangalia rekodi ilivyotengenezwa, ilivyotunzwa na ilivyotumwa, uzima wake (kwamba haikubadilishwa), na mtumaji alivyotambuliwa. Kiapo cha uhalisi kijibu hayo moja baada ya jingine. Kiapo kinachosema tu "nakala hii ni sahihi" hukaribisha pingamizi.

Ndipo ulinganishe. Simu ikipingana na kumbukumbu, usiyarekebishe maelezo ya kwanza. Andika aya mpya: nilikumbuka hivi, baada ya kuona ujumbe wa saa fulani, nasema hivi. Tofauti ndogo iliyokiriwa ina nguvu kuliko maelezo yaliyonyooka kupita kiasi.

Mashine ikinukuu na kutafsiri

Programu za kugeuza sauti kuwa maandishi zinaokoa muda, ila Kiswahili chetu kina mitego yake. Ukanushi umebebwa na silabi moja: "sikumwona" ikisikika "nikamwona", kesi imegeuka. Sikiliza rekodi yote tena ukiwa na maandishi mbele yako, ukitia alama kila "si-", "ha-", namba na jina la mtu.

Tafsiri ya Kiingereza ndiyo hatari zaidi. "Saa mbili usiku" ni 20:00, lakini mashine huweza kuandika saa 2 ya usiku wa manane. "Alinipiga" haisemi ni mwanamume au mwanamke, na mashine itachagua jinsia bila kukuuliza. "Ndugu" na "baba mdogo" hugeuka kaka na baba. Kwa hiyo katika maelezo ya Kiswahili andika saa kwa namna zote mbili, na aliyetenda kwa jina.

Usipakie rekodi ya mteja kwenye programu ya bure usiyojua inatunza wapi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022 na ile ya Kenya ya 2019 zinakuhusu, mbali na wajibu wako wa siri.

Ukiomba programu ya akili mnemba ikutafutie kesi, kila kesi ifungue mwenyewe kwenye tovuti za hukumu, TanzLII au Kenya Law. Juni 2023, katika Mata dhidi ya Avianca, mahakama ya New York iliwatoza mawakili wawili na ofisi yao faini ya dola 5,000 baada ya kuwasilisha kesi zilizobuniwa na ChatGPT. Mmoja alikuwa ameiuliza programu yenyewe kama kesi hizo ni za kweli, nayo ikasema ndiyo. Inayodanganya zaidi ni kesi halisi iliyopewa uamuzi usio wake: jina lipo, mwaka upo, ila aya uliyonukuu haimo. Soma aya.

Shahidi akitoa ushahidi kwa video

Kumzoesha shahidi mazingira inaruhusiwa. Kumfundisha majibu hapana. Mweleze nani yuko wapi kwenye skrini, ataapa vipi, na kwamba "sijui" na "sikumbuki" ni majibu halali. Msomee maelezo yake, usimsomee unayotaka ayaseme. Mashahidi wawili wakitumia sentensi moja neno kwa neno, hakimu atajua ilitoka kwa nani.

Jaribu kifaa siku moja kabla, kutoka chumba kilekile na saa ileile, maana mtandao wa asubuhi si wa jioni. Kamera iwe usawa wa macho, dirisha liwe mbele yake. Mwekee GB 3 kwa saa moja na simu ya pili yenye laini ya mtandao mwingine. Arifa za WhatsApp zizimwe, asiwepo mtu mwingine chumbani, mikono ionekane mezani. Asubiri sekunde moja kabla ya kujibu, la sivyo sauti zitagongana na kumbukumbu za mahakama zitakuwa na mapengo. Kitabu cha kuapia na vielelezo vyenye namba za kurasa viwe naye.

Macho yanahitaji maelezo ya pekee. Kwetu kuinamisha macho mbele ya mkubwa ni adabu, lakini kwenye skrini huonekana kama kukwepa swali au kusoma karatasi iliyofichwa. Mwambie: "Mzee, ukijibu, tazama kitundu cha kamera." Nawe usijiamini kumsoma mtu usoni. Uchambuzi wa tafiti uliofanywa na Charles Bond na Bella DePaulo mwaka 2006 ulikuta watu hutofautisha uongo na ukweli kwa asilimia 54 tu. Shahidi wa upande wa pili akitoa jasho, mwache atoe. Mbane kwa tarehe, umbali na heshi.