Geuza kwanza: namna ya kusoma bamba la mkanda la bronzi kutoka nyika za kaskazini mwa China

Mara ya kwanza kukabidhiwa boksi la mabamba ya mkanda, nilipiga picha za mbele zote, nikajaza kadi 40 za orodha ya makumbusho, nikajiona fundi. Msimamizi wangu alizipitia akauliza swali moja tu: "Migongo yake iko wapi?" Nilirudi ghalani siku mbili nzima. Tangu hapo, kabla sijamtazama chui milia anayemtafuna kondoo, nalifudikiza bamba kwanza.

Kwa mgeni wa mambo haya: kati ya karne ya 5 na ya 1 KK, wafugaji wa kuhamahama walioishi mpakani mwa China, kuanzia Ningxia na Ordos hadi Mongolia na ng'ambo ya ziwa Baikal, walivaa mikanda ya ngozi yenye mabamba ya bronzi, yaani shaba iliyochanganywa na bati. Bamba kubwa hujaa kiganja. Huwa na wanyama: chui milia, farasi, ngamia, kondoo, na mara nyingi mmoja anamla mwenzake. Ni mali unayoivaa kiunoni, na siku ya kuhama huhitaji mnyama wa kuibeba.

Utahitaji glavu za nitrili, mizani ya kidijitali, kalipa ya plastiki (ya chuma itakwaruza), lenzi ya kukuza mara 10, tochi ndogo na kipande cha sifongo.

Hatua ya 1: Pima, usisafishe

Urefu, upana, unene sehemu tatu tofauti, uzito. Basi. Udongo uliong'ang'ania pembeni uache ulivyo, kwani ndani yake huweza kuwa na ngozi au uzi wa mkanda wenyewe. Ukiona unga wa kijani mpauko unaopukutika, acha kila kitu: huo ndio ugonjwa wa bronzi, chumvi ya kloridi inayokula shaba kwa msaada wa unyevu hewani. Bamba liingie kwenye kopo kavu lenye silika jeli, unyevu chini ya asilimia 40, na mhifadhi aitwe.

Hatua ya 2: Lifudikize

Liweke kifudifudi juu ya sifongo. Zima taa ya darini. Shika tochi chini kabisa, mwanga upite ubavuni, karibu ulale sambamba na bamba. Sasa zungusha tochi taratibu.

Ukibahatika utaona nyuzi. Wima na mlalo, zimepishana, kama vile mtu amekandamiza gunia kwenye udongo mbichi. Si uchafu wala si pambo. Fundi alikuwa na nta nyembamba iliyochukua umbo la wanyama, na nta nyembamba hukunjika mkononi, kwa hiyo akaibandika kitambaa mgongoni kuishikilia. Akaongeza vishikio vya nta, akafunika vyote kwa udongo, akachoma. Nta ikayeyuka ikatoka, kitambaa kikawa majivu, bronzi ikamiminwa kwenye uwazi uliobaki. Kitambaa kiliungua zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, ila kila uzi bado unahesabika. Basi uhesabu: weka rula, andika nyuzi ngapi kwa sentimita moja, wima na mlalo. Mabamba mawili yenye hesabu moja na kasoro moja ya ufumaji yanaweza kuwa yametoka karakana moja, na hilo huwezi kulijua kwa kumtazama chui.

Usipoona nyuzi, tafuta mshono kwenye ukingo. Mshono ni dalili ya kalibu ya vipande viwili.

Kisha vishikio. Kwa kawaida ni vipete vilivyosimama, ambamo kamba ya ngozi ilipita. Weka lenzi uangalie upande wa ndani wa kila kipete. Kilichovaliwa miaka mingi kimelika upande mmoja na kung'aa. Kilichotengenezwa kwa ajili ya kaburi tu, au kwa ajili ya mnunuzi wa juzi, hakijalika popote.

Kuhusu bandia, mgongo hausemi uongo kirahisi. Anayenakili hubandika bamba halisi kwenye udongo au mpira na kusubu upya. Nyuzi hutoka butu, kama fotokopi ya fotokopi. Tena bronzi husinyaa ikipoa, kwa hiyo nakala huwa ndogo kidogo kuliko mama yake, kiasi cha asilimia 1 au 2. Ndiyo maana tulipima kwanza.

Hatua ya 3: Mtafute mwenzake

Mabamba ya mstatili yalikuwa pacha: wanyama walewale, mmoja anatazama kulia, wa pili kushoto. Moja la jozi mara nyingi lina tundu karibu na ukingo wa ndani, pa kupitishia kamba ya kufungia. Ukiwa nalo moja tu, andika linatazama upande gani na kama lina tundu. Jozi nyingi zilitenganishwa sokoni, na pacha anaweza kuwa kwenye kabati la makumbusho nyingine.

Hatua ya 4: Sasa mbele

Hapa kila mtu ana la kusema, kwa hiyo nitakuwa mfupi. Taja mnyama kwa unachokiona: kwato au makucha, pembe za kujikunja au zilizonyooka, mkia. Mwenzangu mmoja aliyekulia kwa wafugaji alitazama bamba ambalo kadi yake ilisema "chui milia na kondoo wakicheza", akacheka. "Huyu shingo imeshakatika," akasema, akionyesha kichwa kilivyoning'inia. Alikuwa sahihi.

Angalia fremu pia. Vijishimo vya umbo la tone vinafanana na nafasi za vito kwenye mabamba ya dhahabu, ingawa kwenye bronzi mara nyingi hubaki vitupu. Kama kuna dhahabu, angalia imeishia wapi. Iliyopakwa kwa zebaki huwa mbele tu, mgongo ukabaki bronzi tupu.

Hatua ya 5: Madini

Ukipata mashine ya miale ya X ya kutambua madini, lenga mahali palipochubuka, si kwenye kutu. Bamba likiwa limefukiwa, shaba huchujuka taratibu na bati hubaki, kwa hiyo kutu itakupa bati jingi kuliko lililokuwemo. Mabamba mengine ya kusini mwa Ningxia na Gansu yalipakwa bati makusudi yang'ae kama fedha. Madini ya risasi ni kawaida, maana hufanya bronzi itiririke vizuri kwenye kalibu. Zinki nyingi ikitokea, huenda bamba ni la juzi, kwa hiyo mwite mkubwa wako kabla hujaandika neno "kale".

Hatua ya 6: Usikimbilie jina

Kosa ninalolikuta mara nyingi kwenye kadi za zamani ni "Xiongnu" kwa kila kitu chenye chui. Dola ya Xiongnu, wafugaji wa nyika za kaskazini, ilisimama mkuu wao Modu alipotwaa uongozi mwaka 209 KK. Mwaka 200 KK alimzingira mfalme wa China wa ukoo wa Han, Liu Bang, huko Baideng. Lakini makaburi ya Maoqinggou, karibu na ziwa Daihai, Mongolia ya Ndani, yana mabamba ya wanyama yaliyotangulia dola hiyo. Na "Ordos" ni jina la eneo ndani ya kona ya mto Manjano ambalo wauzaji walilibandika kwa bronzi yoyote ya kaskazini.

Usiandike "mkanda wa shujaa" pia. Huko Dyrestuy, Buryatia nchini Urusi, mabamba ya aina hii yametoka kwenye makaburi ya wanawake.

Tena aliyevaa si lazima ndiye aliyetengeneza. Mwaka 1999, huko Beikang kaskazini mwa Xi'an, lilichimbuliwa kaburi la fundi wa kusubu wa enzi ya Dola Zinazopigana, kabla China haijaunganishwa mwaka 221 KK. Alizikwa na vielelezo vyake vya udongo vya kusubia, 25, na baadhi vina wanyama wa mtindo wa nyika. Fundi wa mjini, wateja wa malishoni. Huko Xigoupan, Mongolia ya Ndani, mabamba mawili ya dhahabu yana chui milia na nguruwe mwitu wakipigana. Yageuze, utakuta maandishi ya Kichina yakitaja uzito kwa jin, liang na zhu. Mtindo ulisafiri kwenda kusini vilevile: mwaka 307 KK mfalme Wuling wa Zhao, mojawapo ya dola za China, aliwaamuru watu wake wavae kama wapanda farasi wa kaskazini na kupiga mishale juu ya farasi. Mbele ya bamba utaona alichokitaka mteja. Mgongoni utaona mkono wa fundi.

Hatua ya 7: Kadi

Anza na mgongo, kisha mbele, kisha jina. Yangu huwa hivi:

*Mgongo: alama ya kitambaa, nyuzi 14 kwa 11 kwa sm, vipete viwili, cha kushoto kimelika chini. Bila dhahabu. Mbele: mstatili, chui milia akibeba kondoo kwa shingo, anatazama kushoto; fremu ya matone; dhahabu ya zebaki, imefifia puani na begani. Tundu ukingo wa kushoto. Sm 11.2 × 5.6, gramu 148. Nta na kitambaa. Mpaka wa kaskazini, karne ya 3–2 KK kwa mtindo. Lilinunuliwa Beijing, halina rekodi ya uchimbaji. Pacha anatafutwa: anayetazama kulia, bila tundu.*