Kukusanya Sarafu za Kumbukumbu za Fedha za Jamhuri ya Weimar, Hatua kwa Hatua

Ukitaja sarafu za Mjerumani mbele ya wazee wa pwani, watakumbuka rupia yenye sura ya Kaisari iliyotumika huku kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Mwongozo huu unahusu sarafu nyingine, zilizochapwa Ujerumani kwenyewe kati ya mwaka 1925 na 1932. Baada ya fedha ya nchi hiyo kuporomoka kabisa mwaka 1923 na Reichsmark, fedha mpya ya nchi, kuanzishwa mwaka uliofuata, serikali ya Jamhuri ya Weimar, iliyoitawala Ujerumani kati ya vita kuu mbili, ilirudi kuchapa sarafu za madini ya fedha, na baadhi yake ikazitoa kwa ajili ya kuadhimisha miji, vyuo vikuu, washairi na matukio ya taifa.

Hatua ya 1: Weka mpaka wa mkusanyo wako.

Aina zote ni 28, yaani 19 za Reichsmark 3 na 9 za Reichsmark 5. Hesabu hiyo inamfaa mtu wa kipato cha kawaida, mradi asijaribu kukusanya kila herufi ya kiwanda. Viwanda vya sarafu vilikuwa sita, na kila kimoja kilitia herufi yake: A ni Berlin, D ni München, E ni Muldenhütten, F ni Stuttgart, G ni Karlsruhe na J ni Hamburg. Aina 13 zilichapwa katika viwanda vyote sita, kwa hiyo anayetaka kila herufi atahitaji zaidi ya sarafu 90, na nyingi kati ya hizo zitafanana kwa kila kitu isipokuwa herufi moja ndogo. Ninashauri kukusanya kwa aina. Herufi ichunguzwe kwa makini, lakini kwa sababu nyingine ninayoieleza hapa chini.

Hatua ya 2: Linganisha herufi na tukio.

Aina 15 zilizobaki zilichapwa katika kiwanda kimoja tu, na mara nyingi kiwanda hicho kilikuwa katika jimbo linalohusika. Sarafu ya mwaka 1928 ya kumkumbuka mchoraji Albrecht Dürer, mwenyeji wa Nürnberg katika Bavaria, ina herufi D peke yake, na ndivyo ilivyo pia sarafu ya mji wa Dinkelsbühl ya mwaka huohuo. Miaka 450 ya Chuo Kikuu cha Tübingen, iliyoadhimishwa mwaka 1927, ilipewa F ya Stuttgart, na miaka elfu ya Meissen, mwaka 1929, ikapewa E ya Muldenhütten. Lübeck, Bremerhaven, Nordhausen, Marburg, Naumburg, Waldeck, Magdeburg na ile ya mwanasiasa wa Prussia Freiherr vom Stein zote ni A. Ukiletewa Dürer yenye A, huna haja ya kuitoa mizani mkobani, kwa maana sarafu hiyo haikuwahi kuchapwa.

Hatua ya 3: Pima.

Sarafu ya Reichsmark 3 ina uzito wa gramu 15 na kipenyo cha milimita 30, na ile ya Reichsmark 5 ina gramu 25 na milimita 36. Nusu ya uzito huo ndiyo fedha halisi, na nusu nyingine ni madini ya kawaida, hasa shaba. Jambo hili huwashangaza waliozoea sarafu za enzi ya Kaisari, ambazo fedha yake ilifikia sehemu 900 kwa elfu. Tumia mizani inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu, na usitilie shaka upungufu mdogo kwenye sarafu iliyolika kwa kutumika.

Uzito pekee hautoshi, kwa sababu waghushi wazuri huufikia. Weka glasi ya maji juu ya mizani, irudishe mizani kwenye sifuri, kisha ning'iniza sarafu kwa uzi mwembamba hadi izame yote bila kugusa chini wala pembeni. Namba itakayoonekana ni uzito wa maji yaliyosukumwa. Kwa Reichsmark 5 halali itakuwa karibu gramu 2.6, ilhali kipande cha shaba chenye uzito uleule kilichopakwa fedha juu kitaonyesha karibu 2.8. Tofauti ni ndogo, kwa hiyo rudia mara tatu. Mwishowe soma ukingo kwa lenzi: sarafu nyingi kati ya hizi zina maneno EINIGKEIT UND RECHT UND FREIHEIT, na kwenye bandia herufi hizo mara nyingi huwa butu.

Hatua ya 4: Tazama hali yake, na usiisafishe.

Wauzaji wa Ujerumani huandika hali ya sarafu kwa vifupisho: ss ni nzuri sana ingawa imetumika, vz ni bora kuliko hiyo, st ni ile isiyotumika kabisa, na PP ni ile iliyochapwa kwa ukungu wa kuchapia uliong'arishwa kwa ajili ya wakusanyaji. Sarafu yangu ya kwanza ya Zeppelin, ile ya mwaka 1930 inayoadhimisha safari ya chombo hicho kikubwa cha angani cha gesi kuizunguka dunia mwaka uliotangulia, niliinunua kwa picha kwa sababu iling'aa kama kijiko kipya. Iliponifikia niliona mikwaruzo myembamba isiyohesabika iliyoachwa na dawa ya kung'arishia, na ukingoni pakiwa na alama ya tupa mahali ilipokuwa imelehemiwa pete ya kidani. Tangu hapo ninapendelea sarafu yenye utandu wa kijivu wa asili, na huomba picha ya ukingo kabla ya kulipa.

Hatua ya 5: Nunua kwa mpangilio.

Anza na ile ya eneo la Rhineland ya mwaka 1925, ya mwandishi Lessing ya 1929 na ile ya miaka kumi ya katiba, zote za Reichsmark 3, kwa kuwa zilichapwa kwa wingi. Hiyo ya katiba ina kejeli yake: inaonyesha mkono ulioinuliwa kuapa utiifu kwa katiba, na upande wa pili sura ya Rais Hindenburg, ambaye Januari 1933 alimteua Hitler kuwa kansela. Dinkelsbühl, iliyochapwa vipande 40,000 tu, isubiri hadi jicho lako lizoee.

Hatua ya 6: Hifadhi.

Epuka mifuko ya plastiki ya PVC, ambayo katika joto la pwani huacha utelezi wa kijani juu ya sarafu. Tumia vifuko vya polyester ndani ya kopo linalofungwa vizuri, pamoja na chembe za silika za kunyonya unyevu, na ubadilishe chembe hizo zinapochoka. Kwa kila sarafu andika kadi yenye namba yake katika orodha ya Jaeger (kwa kifupi J.), katalogi ya sarafu za Ujerumani ambayo wauzaji wengi huitumia, pamoja na herufi, uzito uliopima mwenyewe, tarehe na bei. Kadi yangu ya J. 351, yaani ile ya mshairi Goethe ya Reichsmark 5 ya mwaka 1932, bado haina sarafu. Ni adimu kuliko zote na hughushiwa mno, na siku nikiipata nitainunua tu kwa nyumba ya mnada inayokubali kwa maandishi kuipokea tena ikibainika kuwa si halali.