Kutoa Kishikio Kilichobandikwa kwa Gundi kwenye Mpini wa Kaboni wa Kasia

Kishikio cha kasia hutolewa kwa sababu mbalimbali: pengine kimevunjika upande mmoja, pengine kasia ni refu mno kwa anayelitumia, au kilibandikwa kikiwa kimepinda na mkono unachoka kabla ya wakati wake. Kazi hii haihitaji nguvu nyingi, lakini inahitaji kuelewa jambo moja kabla ya kushika chombo chochote. Mpini wa kaboni ni nyuzi zilizoshikanishwa kwa rezini, na mara nyingi rezini hiyo ni epoksi, ambayo yenyewe ni gundi. Anayepasha moto kiungo cha kishikio anapasha gundi mbili kwa pamoja, moja anayotaka ilegee na nyingine ambayo haipaswi kulegea kamwe.

Katika maelezo haya, mpini ni lile bomba refu, bapa ni sehemu inayoingia majini, na kishikio ni kipande cha juu chenye umbo la herufi T, ambacho kwa kawaida kina kigingi kinachoingia ndani ya bomba.

Anza kwa kutambua gundi iliyotumika. Bandua utepe au stika yoyote iliyozungushiwa kiungo, uhakikishe pia kwamba hakuna skrubu iliyofichwa chini yake, kisha uchunguze mstari ambapo kishikio kinakutana na mpini. Gundi ya moto, yaani ile inayoyeyushwa kwa bunduki ya gundi, huonekana nyeupe kama maziwa au ya manjano hafifu, na ukucha ukikandamizwa huacha alama. Epoksi ni ngumu kama kioo. Ukucha huteleza juu yake, na ncha ya sindano hutoa unga tu. Makasia mengi ya kupigia ukiwa umesimama juu ya ubao huuzwa kishikio kikiwa kando, ili mnunuzi akate mpini kwa urefu wake, na hayo hubandikwa kwa gundi ya moto kwa makusudi, kwa kuwa inaweza kufunguliwa tena. Ukibaki na shaka, ichukulie kuwa ni gundi ya moto, kwani joto dogo linalotosha kuilegeza halitaleta hasara.

Usibane mpini kwenye jiliwa, kile chombo cha fundi cha kubania vitu. Bomba la kaboni huhimili sana kupindwa, lakini ukuta wake ni mwembamba na hupasuka kwa urahisi unapominywa kutoka pande mbili. Mtu wa pili alishike kasia kwa mikono, au ukae chini na kulibana katikati ya mapaja.

Njia ninayoipendelea ni maji ya moto, kwa sababu maji katika chombo kilicho wazi hayapiti nyuzi 100 za selsiasi hata ukisahau muda. Mimina maji yaliyotoka kuchemka kwenye chombo chenye kina, tumbukiza kishikio kichwa chini mpaka kiungo kizame, na usubiri dakika 3 hadi 5. Hewa iliyofungiwa ndani ya bomba hutanuka inapopata joto na husukuma kishikio nje, hivyo kamwe usiuelekeze mpini usoni. Asiyetaka maji yaingie ndani ya mpini atumie draya ya nywele, akiizungusha bila kutulia mahali pamoja, na kufunga kitambaa kibichi kwenye mpini chini kidogo ya kiungo, maana kaboni hupitisha joto kwa kufuata nyuzi zake. Vyovyote vile, kuwa na subira: kigingi cha plastiki hupitisha joto polepole, na nje huwa moto muda mrefu kabla ya gundi ya ndani kulegea.

Mashine ya kupulizia hewa moto, ile ya kubandulia rangi, huweza kupita nyuzi 500 za selsiasi. Niliitumia mara moja. Niligeuka tu kuchukua glavu, na niliporudi rangi ya juu ya mpini ilikuwa imetoa vipele vidogo kama ngozi iliyoungua, na nilipopagusa kwa kidole palibonyea. Tangu siku hiyo ninatumia draya.

Kiungo kikiwa na joto kiasi kwamba kidole kitupu hakiwezi kukaa juu yake, vaa glavu, zungusha kishikio kidogo kushoto na kulia huku ukikivuta moja kwa moja. Usikiinue kando kama anayefungua kopo, kwa kuwa mdomo wa bomba utachanika. Gundi inapoachia hutasikia mlio wowote. Utahisi kishikio kikiteleza kwa uzito, kisha utaona nyuzi nyembamba za gundi zikivutika kama utando wa buibui. Hapo usisite, kwani dakika moja ya kutafakari inatosha kuigandisha tena. Kikikwama katikati, rudia joto badala ya kuongeza nguvu.

Kikikataa baada ya kukipasha mara tatu, yaelekea ni epoksi, na hapo ushauri wangu ni kukitoa kishikio sadaka. Kama una urefu wa ziada, kata mpini chini ya mwisho wa kigingi. Kama huna, kata kishikio pale kinapokutana na mpini, kisha toboa kigingi kwa keekee, ukianza na ncha nyembamba na kupanda taratibu, bila kugusa ukuta wa bomba. Unapokata mpini, uzungushie utepe wa karatasi, tumia msumeno wa kukatia chuma wenye meno madogo, na ukate ukizunguka bomba lote badala ya kupita upande mmoja hadi mwingine. Vaa barakoa na miwani, lowesha mahali unapokata, na ufanye kazi mbali na vifaa vya umeme vilivyo wazi, kwani vumbi la kaboni hupitisha umeme.

Mabaki ya gundi ya moto hukwanguliwa kwa kijiti yakiwa bado vuguvugu. Yanayobaki hulainishwa kwa spiriti baada ya mpini kupoa kabisa, kwa kuwa spiriti hushika moto haraka. Asetoni iache, maana huyeyusha plastiki nyingi pamoja na rangi. Piga msasa namba 120 ndani ya mdomo wa bomba, kisha gonga ukutani mwake kwa sarafu: mlio mkavu na mkali ni dalili njema, ilhali mlio uliofifia huashiria kwamba tabaka zimeachana na sehemu hiyo inafaa kukatwa.

Kishikio kipya kibandike kwa gundi ya moto. Kabla haijapoa, fumba jicho moja na utazame kutoka juu ya kishikio kuelekea chini, ukirekebisha mpaka mikono ya T ilale sambamba na upana wa bapa.