Pikipiki Inapokatikiwa Mafuta Njiani

Pikipiki ya kabureta, yaani kifaa kinachochanganya petroli na hewa, ikianza kukohoa na kupoteza nguvu, usikate shauri upesi kwamba tangi limekauka. Kamata klachi, washa indiketa, tumia mwendo uliobaki kutoka barabarani, kisha geuza koki iliyo chini ya tangi ielekee upande wa akiba. Wengi hukwama kwa sababu koki ilibaki kwenye akiba tangu safari iliyopita, nami niliwahi kuisukuma yangu jua kali kwa kosa hilohilo.

Akiba nayo ikiisha, kumbuka kwamba tangi limekalia bomba la fremu kama tandiko juu ya mgongo wa punda, hivyo petroli kidogo husalia upande usio na koki. Funga vizuri kifuniko, ilaze pikipiki kuelekea upande wa koki, ambao mara nyingi ni kushoto, hadi usikie petroli ikihamia ndani, kisha isimamishe, subiri nusu dakika kabureta ijae, ndipo upige kiki. Ukifungua kifuniko na hewa ikavutwa kwa mlio, huenda petroli ipo na kilichoziba ni kitundu cha kupitishia hewa.

Katika barabara ya Morogoro kwenda Iringa, ambayo hukatiza Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa takriban kilometa 50, usijaribu kuisukuma kwa miguu, maana tembo na simba hawako mbali na lami; baki hapo hapo na usimamishe gari linalopita. Afadhali ujaze Morogoro mjini, ukikadiria kilometa 40 kwa lita kwa pikipiki yenye injini ya cc 150 iliyobeba mzigo, hata kama mtengenezaji anaahidi zaidi.

Ukilazimika kununua petroli ya chupa, iache itulie kwanza uitazame kwenye mwanga: maji hutuama chini, na harufu ya mafuta ya taa ni dalili ya kuchakachuliwa. Imimine injini ikiwa imezimwa na imepoa, mbali na mwenye sigara. Kwa pikipiki isiyo na kabureta, fungua swichi na kuifunga mara tatu ili pampu ivute petroli kabla ya kuwasha; kwa ile ya koki, irudishe koki mahali pake pa kawaida kabla hujaondoka.