Kaunta ya jikoni: usianze na rangi, anza na maji, moto na ndimu

Karibu kila mtu anayejenga jiko anaanza na swali la rangi, ipi itaendana na makabati, halafu baadae ndo anakumbuka kwamba hiyo kaunta itawekewa sufuria la moto, itamwagikiwa siki, itakatiwa vitu juu bila ubao na itakaa na maji pembeni ya sinki usiku kucha. Rangi utaizoea ndani ya mwezi mmoja tu. Mbao iliyovimba pembeni ya sinki hutaizoea, itakukera kila ukisimama kuosha vyombo.

Kwa hiyo kabla ya kwenda kuangalia mawe, jichunguze siku mbili tatu unavyopika. Sufuria ikitoka motoni unaiweka wapi, unakatia kwenye ubao au popote tu, ukimwaga kitu unafuta saa hiyo hiyo au mpaka umalize kupika? Jijibu ukweli maana hapo ndo uamuzi wote ulipo, na angalia pia jua la dirishani linapiga wapi, nitakwambia kwa nini.

Granaiti ndo wengi wanaiwaza kwanza na mi naona wana haki. Ni mwamba ulioyeyuka ukapoa polepole sana chini ya ardhi, ndo maana ukiutazama unaona punje punje. Kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs iko kama 6 mpaka 7 wakati kisu cha kawaida ni kama 5.5, yaani ukikatia juu yake kinachoumia ni kisu. Moto inauvumilia vizuri, ila usiweke sufuria la kuchemka pale pale kila siku, hasa karibu na tundu la sinki, jiwe likipata joto ghafla sehemu moja linaweza kupasuka. Shida yake ni vile vitundu vidogo ambavyo huvioni kwa macho, vinanyonya mafuta na maji, kwa hiyo inapakwa sila, yaani dawa ya kuziba hivyo vitundu, na baada ya muda inapakwa tena. Kujua kama sila imeisha ni rahisi, dondoshea maji kidogo subiri kama robo saa, ukifuta ukakuta pamekuwa peusi kuliko pembeni basi jiwe limekunywa, muda wa kupaka umefika.

Ukitaka nyeusi kabisa kuwa makini, mawe mengine yanapakwa rangi ili weusi ukolee. Chukua kitambaa cheupe kilicholowa asetoni, ile ya kutolea rangi ya kucha, sugua sehemu isiyoonekana, kitambaa kikitoka na weusi achana na hilo jiwe. Geuza pia slebu, lile bamba zima la jiwe, uangalie nyuma, ukikuta limebandikwa wavu mara nyingi ni jiwe dhaifu lililohitaji kushikiliwa lisivunjike. Sio kwamba halifai, ila muulize fundi kabla hajaanza kulikata.

Sasa marumaru, na hapa nasema jiwe lenyewe la asili sio vigae ambavyo watu wengi wanaviita marumaru. Ni zuri sana, sikatai, lakini limeumbwa na kalsiamu kaboneti na hiyo haipatani kabisa na asidi. Ndimu, siki, nyanya, vyote vinaula uso wa jiwe na kuacha alama iliyofifia kama imepigwa msasa. Watu wanadhani ni doa wanasugua wee, lakini sio doa, ni uso wa jiwe umeliwa, na sila haizuii kwa sababu sila inazuia kunyonya tu. Ugumu wake ni kama 3, kwa hiyo linachubuka pia. Ukilipenda sana liweke sehemu ya kukandia unga, linabaki la baridi na unga hauumwi na joto, ila sehemu ya kukatia na kuoshea tafuta kitu kingine. Kama muuzaji anakuuzia marumaru kwa jina la granaiti, omba kipande udondoshee ndimu juu uache dakika chache, pakififia umeshapata jibu.

Kwatzi ya kutengenezwa kiwandani ndo inayowachanganya wengi kwa sababu inaitwa jiwe na inaonekana jiwe. Ni kweli zaidi ya asilimia 90 ya uzito wake huwa ni kwatzi, madini magumu ya asili, iliyosagwa, lakini kinachoishikilia ni rezini, na hiyo ni jamaa wa plastiki. Faida ni kwamba hainyonyi, haihitaji sila, rangi ni ile ile slebu zima. Hasara ni moto, rezini inaanza kuharibika kwenye nyuzi 150 hivi na sufuria ya mafuta ya kukaangia inavuka hapo bila shida, inakuachia duara la njano ambalo halitoki. Na lile jua la dirishani ndo hapa linaingia, likipiga kila siku rangi inabadilika. Kitu kingine ambacho kinaniumiza sana ni vumbi lake, lina silika, madini yanayounda kwatzi, nyingi mno na mafundi wanaoikata kavu wanaharibika mapafu, Australia imepiga marufuku mawe ya aina hii kuanzia Julai 2024 kwa sababu hiyo hiyo. Ukichagua hii, tafadhali mwambie fundi akate kwa maji na avae barakoa inayofaa, na usikubali aikatie ndani ya nyumba watoto wakiwepo.

Laminati watu wanaidharau na mi naona wanakosea. Ni tabaka za karatasi zilizoloweshwa rezini zikabanwa kwa joto na kugandishwa juu ya chipubodi, ile bodi ya vipande vya mbao vilivyogandishwa kwa gundi. Ni teknolojia ya zamani sana, Formica, chapa maarufu ya laminati, ilianza mwaka 1912 kama kizuizi cha umeme kabla haijafika jikoni. Juu haipitishi maji kabisa. Inapokufa ni ubavuni. Ya kwangu ya kwanza ilivimba pembeni ya sinki hata mwaka haujaisha, na nilipofungua nikakuta fundi alikata tundu akaweka sinki juu ya chipubodi tupu, haijapakwa chochote. Kwa hiyo simama hapo hapo siku ya kukata, kingo zote za tundu zipakwe vanishi au silikoni mpaka zishibe ndo sinki liingie. Hapo utakaa nayo miaka mingi, ila usikatie juu yake na usiweke sufuria la moto.

Mbao ngumu inapendeza na ikikwaruzika unapiga msasa unapaka mafuta inarudi mpya, ila inataka mtu wa kuihudumia. Mbao inatanuka na kusinyaa kwa upana wake kila hewa ikibadilika, fundi akiikaza kwa skrubu bila kuacha nafasi itapasuka, na karibu na sinki inaweka weusi usipoipaka mafuta mara kwa mara.

Vigae vinavumilia moto vizuri, kinachosumbua ni grauti, ule ujazo wa kati ya kigae na kigae, inayoingia uchafu, tumia ya epoksi badala ya ile ya simenti. Zege linapendeza ila lina simenti na simenti nayo asidi inaila, bila sila nzuri litajaa alama. Chuma cha pua hakinyonyi chochote na jiko za mahoteli zinakitumia kwa sababu hiyo, kitakwaruzika tu na kitapiga kelele kama hakijagandishwa kwenye bodi chini.

Na hakuna anayekulazimisha kutumia kitu kimoja jiko zima. Weka granaiti au chuma pale pembeni ya moto na laminati upande mwingine, hela uliyookoa ipeleke kwenye sinki zuri na fundi anayejua kazi yake.

Ukiamua jiwe, piga hesabu ya uzito. Slebu la granaiti la sentimita 3 lina kama kilo 80 kwa kila mita moja ya mraba, kwa hiyo makabati yafungwe ukutani kabisa na yapimwe kwa pimamaji ndo vipimo vya kaunta vichukuliwe, sio kabla. Kona za ndani za tundu la sinki ziwe za mviringo, kona kali ndo mpasuko unapoanzia. Chini ya ukingo wa mbele fundi achimbe mfereji mdogo, maji yakimwagika yadondoke pale yasitambae mpaka kwenye milango ya kabati.

Kabla ya kulipa omba kipande cha kitu chenyewe ulale nacho, kimwagie mafuta, kahawa, manjano na ndimu, ufute asubuhi uone. Na ile silikoni ya nyuma ya sinki ikianza kuachia au kuota weusi, kwangua yote, acha pakauke kabisa ndo upake mpya, ukipaka juu ya ile ya zamani haishiki na maji yataendelea kupita chini bila wewe kujua.